Je, Wajua? Kutoka Misalaba ya Shaba Hadi Bitcoin ya Kivu

Je, wajua kwamba faranga 1 ya Kongo ilichukua nafasi ya zaire bilioni 300 za zamani? Mwaka 1993 zaire milioni 3 zilibadilishwa kwa zaire mpya 1, na mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga 1. Aliyeuza ng'ombe wake Masisi, Kivu Kaskazini, akaficha noti chini ya godoro alibaki na makaratasi. Watu wa Kasai wao walizikataa zaire mpya, wakaendelea kununuliana kwa zile kuukuu.

Ndiyo maana Kivu watu huweka akiba kwa dola, nayo ina masharti yake. Mbadilisha pesa huinyoosha noti, huigeuza, huiinua kwenye mwanga. Akiona mpasuko mdogo tu pembeni, anakurudishia.

Pesa za kale za Kongo hazikuwa na shida hiyo. Huko Sanga, Katanga, wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta makaburi yenye misalaba midogo ya shaba, iliyotumika kama pesa karne kadhaa kabla ya Mzungu kufika. Msalaba usipopokelewa sokoni, ungeweza kuyeyushwa ukawa bangili.

Bitcoin, sarafu ya kidijitali, huwezi kuiyeyusha. Mwaka 2020 Hifadhi ya Virunga ilianza kuichimba kwa kompyuta zinazoendeshwa na umeme wa maji wa Luviro, wilayani Lubero, umeme ambao wanunuzi wake jirani walikuwa wachache. Hesabu ya kutumia umeme uliokosa wanunuzi naikubali, ila kama ghala la akiba sarafu hii inatisha: Novemba 2021 moja ilifika karibu dola 69,000, na mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya 17,000.

Na hiyo pesa isiyoshikika inashikiliwa na mawe ya kwetu. Bati, ambalo Warumi walilichanganya na shaba kupiga sarafu zao, leo hulehemu vipande vya kila simu na kompyuta. Bisie, wilayani Walikale, hutoa takriban asilimia 6 ya bati la dunia. Rubaya, wilayani Masisi, inakadiriwa kutoa asilimia 15 ya koltani ya dunia, madini mengine ya simu na kompyuta. Ni uchungu kwamba anayeyatoa mawe hayo kwa sululu ndiye asiye na mahali pengi pa kuweka akiba: mji wa Goma ulipotekwa na waasi Januari 2025 benki zilifungwa, watu wakakimbilia pesa za simu, na kuzitoa taslimu mikononi mwa wakala kukawa kwa kamisheni.