Mluzi ndani ya pikapu

Kwenye foleni ya Mwenge mluzi ulikuwa chini, unausikia ukitega sikio tu. Dereva alipokanyaga mafuta, ukapanda. Alipobadili gia ukashuka, kisha ukaanza kupanda upya. Redio ilikuwa imepunguzwa hadi mwisho, hakuna wimbo uliokuwa ukipigwa, lakini spika za milangoni na sabufa iliyobanwa nyuma ya kiti ziliendelea kuimba kile kiuzi kimoja chembamba mpaka tukafika Kariakoo.

Pikapu ni Toyota Hilux ya kebini moja, na kazi yake ni kubeba mananasi ya Kiwangwa kuyaleta Dar es Salaam usiku. Mwenyewe ndiye dereva. "Nimebadili redio, nimebadili waya zinazotoka kwenye redio, nimebadili hata spika," aliniambia. "Haujaondoka. Na usiku besi ikigonga, taa za mbele nazo zinapepesa. Naendesha barabara ya Bagamoyo kama niko disko."

Wengi tumewahi kupanda gari la namna hii na tukazoea. Mimi nilishindwa. Kitu gani kinaifanya injini isikike ndani ya spika? Nikamwomba siku atakayolipeleka kwa fundi anipitie.

Alilipeleka Gerezani, kwa fundi mwenye umri wa miaka hamsini na ushee aliyeanza na kutengeneza redio za kaseti, akahamia kwenye umeme wa magari, na sasa kazi yake kubwa ni muziki wa magari. Alikubali nikae pale kutwa nzima kwa sharti moja, nisimtaje jina. "Waliofunga huu mfumo ni jirani zangu," alisema. "Kesho nitawaazima spana."

Nilitarajia aanze na redio. Hakuigusa. Alizima injini, akakunja kiti mbele, akapiga magoti na kuangalia waya mweusi mfupi uliotoka kwenye amplifaya na kuishia kwenye skrubu iliyochomekwa ukuta wa nyuma wa kebini. Akaigusa skrubu kwa kidole na kukirudisha haraka. "Weka mkono hapo, mwandishi." Ilikuwa ya moto. Muziki ulikuwa umepigwa kwa dakika chache tu.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike makala haya. Fundi alitoa mita ya kawaida, ile inayouzwa kwenye kila duka la vifaa vya umeme, akaiweka kwenye volti za betri. Waya mweusi wa mita akauunga na waya mrefu na kuubana kwenye kichwa cha hasi cha betri, mbele kabisa. Akamwambia kijana wake awashe injini na kupiga, kutoka kwenye simu, mlio mmoja usiobadilika wa hezi 50. Kebini ikaanza kunguruma, kioo cha pembeni kikatetemeka. Kisha akagusisha ncha nyekundu ya mita kwenye sehemu ya amplifaya unakoingia waya wa hasi.

Kwa kufikiri kwangu, hasi ni hasi. Huku hasi ya amplifaya, kule hasi ya betri, katikati ni chuma, mita ingeonyesha nini zaidi ya sifuri? Ilionyesha volti 1.1.

"Hapo ndipo ugonjwa ulipo," alisema. "Sasa tuutafute umekaa chumba gani." Akahamisha ncha nyekundu kutoka kwenye amplifaya hadi kichwa cha skrubu: namba haikucheza. Akaihamisha tena, safari hii kwenye bati lenyewe, sentimita moja pembeni mwa skrubu, baada ya kuchokonoa rangi kwa ncha ya mita hadi chuma kikatokea. Namba ikaanguka hadi 0.5. "Sita zimepotea hapa kwenye skrubu. Tano zinapotea njiani, kati ya hili bati na betri. Magonjwa mawili, na kila moja lina dawa yake."

Hesabu yake haina uchawi. Kwa mlio ule, alisema, amplifaya ilikuwa ikivuta kama ampia 30. Ampia 30 zikipita mahali penye ukinzani wa sehemu mbili za mia za ohmu tu, volti 0.6 zinaachwa hapohapo, na wati 18 zinageuka joto. Skrubu ilikuwa imepenya rangi bila kuikwangua, ikagusana na bati kwenye kingo za meno yake. Mlango ule mwembamba ndio uliokuwa ukipitisha mzigo wote wa umeme unaorudi.

Na umeme haukubali kurudi kwa taabu ikiwa ipo njia nyingine. "Umeme ni kama daladala," fundi alisema. "Ukifunga barabara ya kurudi, dereva atapita vichochoroni." Kichochoro chenyewe ni waya wa mawimbi unaotoka kwenye redio kwenda kwenye amplifaya. Ganda la nje la waya huo nalo ni hasi. Skrubu inapobana, sehemu ya umeme wa kurudi hupenya kwenye ganda hilo kuelekea redioni, na hubeba pamoja nao mikwaruzo ya altaneta. Altaneta huzalisha umeme unaopanda na kushuka, dayodi zake ndizo huunyoosha, lakini haunyooki wote. Mawimbi madogo hubaki, na kasi yake hufuata mzunguko wa injini. Amplifaya haijui kipi ni wimbo na kipi ni altaneta. Ikipewa, inakuza. Ndiyo maana mluzi ulipanda na mafuta, na ndiyo maana redio mpya haikusaidia kitu.

Bado zilibaki zile volti 0.5 zilizopotea njiani, na hapa fundi alinionyesha jambo ambalo nimelifikiria kila nilipopishana na pikapu tangu siku ile. Aliniita chini ya gari. "Gari dogo la kawaida ni bati moja, limechomelewa kuanzia boneti hadi buti. Pikapu ni vipande vitatu. Kuna chesisi. Juu yake kuna kebini, imekalia mipira. Nyuma kuna bodi la mizigo, kivyake. Angalia huo mpira." Aligonga kwa bisibisi kitako kinene cheusi kati ya kebini na chesisi. Mpira huo hufanya tusiteseke na mashimo ya barabarani, na huohuo haupitishi umeme hata chembe. Kebini nzima inarudisha umeme wake kwa waya mwembamba uliofungwa kiwandani kwa ajili ya taa, honi, waipa na redio ndogo. Kiwanda hakikupiga hesabu ya sabufa. Besi ikigonga, waya ule unazidiwa, na taa za mbele, ambazo nazo hurudisha umeme kupitia hapohapo, zinanyimwa haki yake. Zinapepesa.

Nikamuuliza kama wanaofunga mifumo hii wanalijua hilo. Akacheka. "Wanajua gari. Pikapu wanaichukulia ni gari lenye karai nyuma."

Dawa ya kwanza ilichukua karibu saa nzima, na sehemu kubwa ya saa hiyo ilikuwa msasa. Alichagua sehemu nene ya sakafu nyuma ya kiti, akahakikisha chini yake hapapiti bomba la breki wala la mafuta, akatoboa tundu la bolti. Kisha akaanza kukwangua rangi, duara la upana wa sarafu ya shilingi 200. Msasa mkavu, kitambaa, msasa tena. Rangi ya juu ikatoka, ikatokea ya chini ya kijivu. Kijana wake akadhani kazi imekwisha, akasogeza bolti. Fundi akamzuia mkono. "Dogo, hiyo bado rangi." Akaendelea mpaka bati likang'aa pande zote, akageukia upande wa chini wa tundu na kulifanyia vilevile. Akapitisha bolti, washa yenye meno, jicho la shaba lililobanwa kwa koleo na si kwa kugongwa na nyundo, nati, na nati ya pili ya kuzuia ya kwanza isilegee. Juu ya vyote akapaka grisi ili unyevu wa pwani usilete kutu. Hasi ya redio nayo akaivuta mpaka kwenye bolti hiyohiyo, ili redio na amplifaya zisiwe na cha kubishania.

Dawa ya pili ilikuwa waya mnene kutoka kwenye bolti ile hadi hasi ya betri, na tawi lake lililoshikizwa kwenye chesisi. Hapo ndipo mazungumzo ya bei yalipochacha. Mwenye gari alilipia sabufa na amplifaya bila kuomba kupunguziwa. Kwa waya aliomba mara tatu.

"Ni kawaida," fundi alisema mwenye gari alipokwenda kunywa chai. "Wati zimeandikwa kwenye boksi kwa herufi kubwa. Waya haujaandikwa kitu." Hata ulioandikwa si wa kuaminika. Alinikatia vipande viwili vya waya vyenye unene sawa na rangi sawa ya nje. Akakwangua nyuzi kwa wembe: kimoja kikabaki chekundu hadi ndani, kingine kikawa cheupe. Cheupe ni alumini iliyopakwa shaba, ambayo hupitisha umeme kwa kama asilimia 60 tu ya shaba tupu. Yeye hununua waya wa mashine za kuchomelea, kwa sababu ni shaba, ni laini kupinda, na mafundi wa kuchomelea hawavumilii kudanganywa.

Kuhusu waya mwekundu unaotoka chanya ya betri alikuwa na amri moja: fyuzi ikae ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Aliikuta ya gari hili ikiwa pembeni mwa amplifaya, nyuma ya kiti, na kati yake na betri kuna mita nzima na zaidi ya waya usio na ulinzi, ukipita kwenye tundu la bati lisilo na mpira. "Fyuzi hailindi amplifaya. Inalinda waya. Waya huu ukichunwa na bati hapa, betri itamwaga mamia ya ampia na fyuzi yako huko nyuma imekaa inatazama." Akaihamisha, akavisha tundu mpira. Sikumsikia mwenye gari akisema neno kwa muda.

Boksi la sabufa ya inchi 10 hawakulibadili. Limetengenezwa kwa ubao wa MDF wa milimita 18, limekatwa kimshazari kufuata mlalo wa kiti, na limezibwa kote. Nafasi zaidi ingepatikana kama jeki ingehama, lakini mwenye gari aligoma: pancha ya Kiwangwa haisubiri asubuhi. Fundi hakulalamika. Kwa besi, alisema, kebini ndogo ni rafiki. Wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, halienei humo. Badala ya kusafiri, sabufa inaibana na kuiachia hewa yote ya kebini kwa pamoja, na besi ya chini kabisa inaongezeka bila wati za ziada. Sharti lake ni vioo kufungwa. Gari hili kiyoyozi chake kilishakufa.

Mwisho akapima nguvu kwa ule mlio wa hezi 50 na mita ileile, safari hii kwenye volti za umeme wa nyumbani, na waya za sabufa zimechomolewa. Amplifaya ya wati 300 kwenye sabufa ya ohmu 4 inatakiwa kufika kama volti 34.6, isizidi. Alizungusha kitufe taratibu, akasimama kwenye 33. Aliyeitangulia kazi hii alikuwa amekizungusha hadi mwisho.

Kwa kujaribu, fundi alikataa singeli. Akapiga dansi ya zamani, gitaa la besi likatembea na kila noti ikasikika ilipoanza na ilipokoma. Mita, kutoka amplifaya hadi hasi ya betri, ilisoma 0.1. Mwenye gari akasikiliza kwa heshima, kisha akaweka singeli yake.

Mluzi umeondoka, karibu wote. Ukiwasha taa zote na kukanyaga mafuta sana, bado kuna uzi unasikika. Fundi anashuku dayodi moja ya altaneta imechoka, na hilo ni pesa nyingine. Nami nimebaki na maswali ambayo Gerezani hawakuwa na majibu yake. Gari likiungua kwa sababu ya waya kama ule, nani hufungua boneti kutafuta fyuzi ilikuwa wapi? Kijana yule anayejifunza kwa kuzuiwa mkono, akihamia mkoa mwingine, atathibitishaje kwamba anajua tofauti ya rangi na bati? Na masikio ya mtu anayeendesha usiku kucha na sabufa nusu mita kutoka mgongoni, ilhali kinga ya wafanyakazi viwandani huhesabiwa kwa desibeli 85 kwa saa 8, yanapimwa na nani?

Mwenye gari ana swali moja tu: sabufa ya pili itakaa wapi. Fundi amemwambia alete altaneta kwanza. Yeye anaona altaneta inafanya kazi, maana gari linawaka. Nilipoondoka walikuwa hawajaelewana.