Vitufe vya Simu Navyo Vinahitaji Amri Moja

Askari anayehamishwa kutoka kambi ya Mbarara kwenda Gulu hafundishwi upya gwaride. Akisikia "Mguu sawa!" mwili wake hutii kabla hajafikiri, kwa kuwa amri ni ile ile katika kila kambi. Mkewe aliyebaki nyumbani na simu mkononi hana bahati hiyo.

Tangu MTN ilipoanzisha huduma ya kutuma fedha kwa simu nchini Uganda mwaka 2009, karo, kodi ya nyumba na hata nauli ya bodaboda vimehamia simuni. Kampuni moja huweza kuwa na programu tatu, ya mteja, ya wakala na ya dereva, na kila moja imetengenezwa na kikundi chake. Katika hii kitufe cha kijani hutuma fedha. Katika ile kijani ni kurudi nyuma. Huku pameandikwa "Endelea", kule "Thibitisha", ingawa maana ni moja. Mama akibonyeza kwa mazoea, karo ya muhula mzima huenda ikaingia katika namba asiyoijua. Na mpokeaji akiwahi kuzitoa fedha hizo, kuzirudisha ni kazi kubwa.

Kampuni changa kadhaa za Kampala zimelelewa Ntinda, jirani na kambi ya polisi ya Naguru, ambako kituo cha The Innovation Village kilifanya makao katika jengo la Ntinda Complex. Kampuni ya namna hiyo ikishakua, hapana budi ijijengee mfumo wa pamoja wa usanifu.

Kazi huanza kwa kukusanya picha za kurasa za programu zote na kuzibandika ukutani. Hapo wengi huona haya, maana aina za vitufe huweza kuwapita kwa idadi watu waliomo chumbani! Kisha huchaguliwa rangi chache, kila moja na kazi yake. Kitufe kisipungue milimita 9 hivi, kidole gumba kisije kikakosea. Maandishi yapambanuke na rangi iliyo nyuma yake kwa kipimo cha 4.5 kwa 1, kwa kuwa simu husomwa juani penye kituo cha bodaboda, si ofisini tu. Wako pia watu wasiopambanua nyekundu na kijani. Kwa hiyo neno liandikwe. Na neno refu la Kiswahili lisikatwe katikati kwa sababu kitufe kilipimwa kwa Kiingereza.

Baada ya hapo kitufe hutengenezwa mara moja, kikawekwa katika ghala ambamo vikundi vyote huchukua. Kosa likigunduliwa hurekebishwa humo, na programu zote hupona kwa toleo jipya. Serikali ya Uingereza ilitoa hadharani mfumo wake wa namna hii mwaka 2018.

Linalowashinda wengi si ufundi, ni utii. Kikundi chenye haraka hujitengenezea kitufe chake "kwa leo tu", nacho hubaki miaka. Lazima awepo mtunza ghala mwenye mamlaka ya kukataa, lakini mwenye masikio pia. Anayekataa kila ombi huwafundisha wenzake kupita mlango wa nyuma. Na kabla kitufe hakijaingia ghalani, kisijaribiwe na fundi aliyekitengeneza. Aitwe mama mwenye mtoto mgongoni na simu iliyopasuka kioo, aombwe kutuma shilingi 1,000, na kabla hajabonyeza aseme kwa sauti anadhani nini kitatokea.