Rehema na Rahma: Jina Moja au Majina Mawili?

Katika miji ya Waswahili ya pwani ya Kenya ni desturi mtoto kupewa jina la mmoja wa wazee wake, hasa nyanya au babu aliyekwisha kufariki. Mtoto huyo huwa wajina wa mzee yule, au somo yake. Usomo huo si jambo la maneno matupu, kwani jamaa humtazamia mtoto afuate mwenendo wa aliyemrithi jina, na mara nyingi watoto wa marehemu humwita Mama au Baba kwa kuogopa kulitaja ovyo jina la mzazi wao. Makala haya yanajadili swali la fonolojia lililozuka ndani ya desturi hiyo: majina mawili yaliyotokana na neno moja la Kiarabu, yakaingia katika Kiswahili kwa njia mbalimbali, je, ni jina moja au ni majina mawili?

Swali hili sikulitafuta maktabani. Mke wangu, mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, alijifungua mtoto wa kike miezi michache baada ya mama yake kufariki. Marehemu aliitwa Rehema. Mdogo wake marehemu, ambaye sasa ndiye mkubwa wa nyumba, alisema kwamba mtoto ni Rehema, basi. Shemeji yangu, aliyesoma Kiarabu kwa miaka mingi, alishauri aitwe Rahma, kwani kwa maoni yake Rehema ni Rahma lililoharibiwa na ndimi za watu wasiojua kusoma. Mke wangu naye aliegemea upande wa Rahma, lakini kwa sababu nyingine kabisa. Alisema hataweza kumgombeza mtoto kwa jina la mama yake, na kwamba Rahma lingempa njia ya kumkumbuka mama bila ya kumvunjia heshima. Mimi niliulizwa kwa kuwa ndiye mwalimu wa lugha. Siku ya saba, ambayo ndiyo siku ya kutoa jina, ilikuwa imebakiza siku tatu.

Asili ya majina yote mawili ni neno la Kiarabu rahma, ambalo h yake hutamkwa kooni. (Nilipokuwa masomoni Uingereza nilifundishwa kuiandika h hiyo kwa nukta chini yake, mama mkwe wangu aliishi na jina lake zaidi ya miaka sabini bila ya kuihitaji nukta hiyo.) Kiswahili hakikupenda konsonanti mbili zifuatane katika maneno ya namna hii, kikazitenganisha kwa irabu, na aghalabu irabu hiyo ni ile ile iliyotangulia. Ndiyo sababu fahm likawa fahamu, hukm likawa hukumu na rukhsa likawa ruhusa. Kwa kanuni hii peke yake tungetazamia rahama. Madhali tunalo rehema, hatuna budi kukubali kwamba badiliko jingine lilitangulia: irabu a ya silabi ya kwanza iligeuka e, kama ilivyogeuka katika elfu, ambalo kwa Kiarabu ni alf. Kwanza a ikawa e, kisha e hiyo ikarudiwa kati ya h na m. Msomaji atakumbuka hekima na heshima, ambamo mambo yalikwenda kinyume. Katika hikma na hishma irabu i ilipachikwa kwanza, kisha ile ya mwanzo ndiyo iliyogeuka e, la sivyo tungekuwa na hekema na heshema. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba ulimi wa Mswahili uliyavuruga maneno haya bila ya mpango. Kila neno lilipita katika hatua zake, na hatua hizo zinaweza kuhesabiwa.

Jambo lenye uzito zaidi ni kwamba rehema halikuja peke yake. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 inayo rehema, inacho kitenzi rehemu, na inalo marehemu, ambalo kwa Kiarabu ni marhum. Yote yana e, na yote ni maneno ya kila siku: mtu akifa husemwa Mungu amrehemu, na tangu hapo huitwa marehemu. Kwa upande wa pili yako Rahma, Rahimu na Rahmani, ambayo yameihifadhi a. Haya mawili ya mwisho ni majina ya Mwenyezi Mungu, na mtoto wa pwani huyajua chuoni, mbele ya mwalimu asiyekubali irabu kusogezwa hata kidogo. Hivyo mzizi mmoja umefanya koo mbili katika Kiswahili, moja ya mazungumzo na moja ya kisomo. Hali hii tunayo pia katika sheria na sharia, ambayo kwa Kiarabu ni neno moja. Sijapata kumsikia mtu akidai kwamba sheria za barabarani ni sharia za barabarani zilizoharibiwa. Tumekubali kwamba ni maneno mawili, na kila moja lina kazi yake.

Hoja ya shemeji, kwamba lililo karibu zaidi na Kiarabu ndilo sahihi, ina taabu nyingine. Ikiwa Kiarabu ndicho kipimo, itatupasa kumwuliza kila Amina ni Amina yupi. Kwa Kiarabu kuna Amina mwenye irabu ndefu mwanzoni, ambalo ni jina la mama yake Mtume na maana yake ni mwenye amani. Na kuna Amina mwenye irabu ndefu katikati, maana yake mwaminifu. Kiswahili hakina irabu ndefu za namna hiyo, na mkazo wake hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Majina hayo mawili yamekuwa moja, wala hakuna familia niijuayo iliyolala macho kwa ajili hiyo. Wako pia wanaomsahihisha Fatuma wakamwita Fatma, wakidhani wamemrejesha Uarabuni. Kitabuni jina ni Fatima. Fatma ni matamshi ya mazungumzo ya Waarabu wenyewe. Msahihishaji ametoka sokoni akaingia soko jingine.

Turudi kwenye usomo. Je, mtoto aitwaye Rahma ni somo wa nyanya aliyeitwa Rehema? Mtu akipima kwa asili atajibu ndiyo. Lakini asili siyo itumikayo na watu. Yahya na Yohana ni jina moja kwa asili, ila sidhani kwamba Yahya wa Lamu atamsimamisha Yohana wa Taveta barabarani na kumwita somo yangu. Kwa upande mwingine, Fatuma na Fatma huitana wajina bila ya kusita, na Asha na Aisha vivyo hivyo. Kwa nini hawa wavumiliane na Rehema asimvumilie Rahma? Jibu langu ni kwamba Fatuma na Asha ni majina tu kwa msikilizaji wa Kiswahili. Asha ni wa mzizi mmoja na maisha, lakini hakuna anayeyasikia maisha ndani yake. Rehema ni jina na tena ni neno. Nyanya alipoitwa uani, kila aliyesikia alisikia rehema, hata mtoto asiyejua alifu. Anayeitwa Rahma amepewa maana ile ile, ila imefungiwa mahali ambapo ufunguo wake wanao waliosoma. Ndiyo sababu pia Rehema ni jina la Waislamu na la Wakristo, Kenya na Tanzania, kama lilivyo Neema, hali Rahma humtambulisha mwenyewe mara moja kuwa ni Mwislamu. Sisemi kwamba hilo ni kasoro. Ni tofauti, na mzazi anayechagua afadhali aijue.

Rai ya mke wangu ilikuwa ngumu zaidi kujibu, maana haikuwa ya usahihi. Yeye alilitaka Rahma kwa kuwa silo. Nikamwomba tulijaribu jina hilo nyumbani kwa siku moja. Shemeji alitamka Rahma kama inavyopaswa. Mama mdogo, aliyekuwa amekubali jaribio kwa shingo upande, alipomwita mtoto alisema Rahama, na majirani wawili wa umri wake wakasema vivyo hivyo. Irabu ilijipachika palepale kanuni inapoitaka, lakini e haikutokea, kwa sababu badiliko lile la a kuwa e halifanyi kazi tena katika maneno mapya. Ulimi wa wazee ulianza safari ile ile ya zamani na ukafika pengine. Basi tungekuwa na majina matatu katika nyumba moja, na karani wa kuandikisha vizazi angeweza kuongeza la nne. Nimewahi kuona cheti cha mtoto mwingine ambamo palikuwa na Rahema, na wazazi wake walihangaika sana shule ilipoandika vingine.

Mke wangu alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama kuna mtu atakayemlazimisha kulitamka. Mama mdogo akamjibu kwamba yeye mwenyewe hakupata kumwita binti yake kwa jina, kwa kuwa alipewa la mavyaa yake, na binti huyo sasa ana wajukuu.

Cheti kimeandikwa Rehema. Mama yake humwita Mama. Mjomba wake angali akimwita Rahma, na mtoto humwitikia.