Mazoezi ya Madumu Nyuma ya Bweni

Mhariri wa gazeti letu ameniomba nieleze habari za mazoezi tunayoyafanya kila alfajiri nyuma ya bweni, kwa kuwa wako wanafunzi wa kidato cha kwanza waliodhani kwamba sisi ni watu tulioadhibiwa. Kweli, kwa mtu atazamaye kutoka dirishani yaweza kuonekana hivyo. Ataona vijana kumi na wanne wakichuchumaa na kusimama, wakitembea na madumu ya maji mikononi, wakijivuta juu kwenye tawi la mwembe, wala mpira haupo. Lakini hatukuadhibiwa. Twajitafutia nguvu, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuwaongoza wenzangu. Nitaeleza mazoezi yenyewe, kisha nitaeleza kosa nililolifanya, maana bila kosa hilo nisingekuwa na jambo kubwa la kuandika.

Mazoezi haya ni ya namna inayofuata kazi za kila siku. Katika nyumba za mazoezi za mjini, zile ziitwazo jimu, iko mashine ya kunyosha mguu peke yake na iko mashine ya kukunja mkono peke yake. Lakini mtu afanyapo kazi hatumii kiungo kimoja. Anayeinua gunia hutumia miguu, kiuno, mgongo, mabega na vidole, vyote kwa wakati mmoja, na pumzi juu yake. Basi wako walimu wa michezo wanaoufundisha mwili mzima kwa pamoja: kuchuchumaa, kuinua, kubeba, kusukuma, kuvuta, kuruka na kukimbia. Waliolieneza sana jambo hili ni Wamarekani. Greg Glassman alianzisha kampuni ya CrossFit huko California mwaka 2000, na mwaka 2007 mashindano yao ya kwanza yalifanyika katika shamba la mifugo mahali paitwapo Aromas. Kazi ya siku huandikwa ubaoni, na wote huifanya pamoja, mzee na kijana, hodari na mgeni. Kazi ni moja, lakini uzito si mmoja. Mwenye nguvu huinua chuma cha kilo 60, na mgeni aliye kando yake huenda akainua fimbo tupu. Habari hiyo ya fimbo tupu mimi niliisoma mbiombio nikaipita.

Sisi hatuna chuma. Tuna madumu ya lita 5, 10 na 20 yaliyokuwa ya mafuta ya kula, kamba, tairi kuukuu la lori, na gogo la mkorosho uliokufa. Dumu la maji ni kitu chema sana kwa kazi hii, kwa sababu lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Atakaye kilo 7 hutia lita 7, basi.

Wala jambo hili si geni katika nchi yetu. Uwanda wa Makonde uko juu, na udongo wake ni wa kichanga; mvua ikinyesha maji huzama, na chemchemi zatokea chini mabondeni. Kabla ya mradi wa maji wa Makonde ulioanza katika miaka ya 1950, na hata baadaye kila mitambo ilipoharibika, maji yalifuatwa bondeni na kupandishwa mlimani kichwani. Waliofanya kazi hiyo ni wanawake. Likizo iliyopita nilimwuliza bibi yangu ni nani aliyemfundisha.

“Mume wangu, kubeba maji nako kunafundishwa?” akasema, akacheka sana.

Lakini alipoendelea kusimulia niliona kwamba alifundishwa, tena vizuri. Kwanza alipewa kibuyu kidogo. Baadaye alipewa chungu kidogo, na ndoo aliipata alipokuwa msichana mkubwa. Mama yake alipomtwisha alimtazama shingo. Shingo ikitetemeka, maji yalipunguzwa palepale kabla ya kupiga hatua, na hapana mtu aliyecheka, kwa sababu chungu kikivunjika njiani hasara ni ya nyumba nzima.

Hata wachukuzi wa korosho katika maghala ya vyama vya ushirika wanalijua hilo. Gunia lililojaa lina kilo kama 80. Mchukuzi haliinui peke yake kutoka chini. Wenzake wawili humtwisha begani, naye akishasimama sawasawa ndipo huondoka. Nimewatazama mara nyingi wakati wa msimu, wala sikupata kumwona mmoja wao anayeona haya kutwishwa.

Sasa kosa langu. Mwezi wa nne maji yalikuwa haba hapa shuleni, nami sikutaka kuambiwa kwamba twachezea maji. Nikajaza mchanga katika madumu. Nilisema moyoni kwamba dumu ni la lita 20, basi ni kilo 20. Alikuwapo kijana wa kidato cha pili, mwembamba, hodari wa mbio za mita 1500, aliyekuja kwetu ili apate nguvu kabla ya mchujo wa UMISSETA wa wilaya. Nilimpa dumu moja alikumbatie kifuani, aende nalo kutoka mwembeni mpaka kwenye goli na kurudi, mara nne. Mara ya tatu alianza kupepesuka. Mimi nilimfuata nyuma nikipiga kelele kama nilivyoona walimu wa mazoezi wakifanya katika sinema.

“Kaka, mgongo,” alisema.

“Twende! Mgongo hauvunjiki!”

Alipofika alitaka kutua. Aliinama kwa kiuno, magoti yamenyooka, mikono ameipeleka mbele, na hapo hapo akabaki ameinama, hawezi kusimama. Tulimpeleka zahanati. Tabibu alisema misuli ya mgongo imevutika, akamkataza mazoezi kwa wiki tatu. Mchujo ulikuwa baada ya siku tisa.

Mwalimu wetu wa fizikia hakunigombeza. Aliniambia nichukue dumu lile nilipeleke stoo ya jikoni nikalipime kwenye mizani. Mizani ilionyesha kilo 33.

“Lita ni nafasi,” alisema. “Kilo ni uzito. Haya uliyajua tangu kidato cha kwanza.”

Nilikuwa nimeyajua, na katika mtihani nilipata alama nzuri. Mchanga mkavu huwa na uzito wa mara moja na nusu na zaidi kuliko maji ya nafasi ile ile. Kijana mwenyewe alikuwa na kilo 46, kwa hiyo nilimpa zaidi ya theluthi mbili za uzito wa mwili wake, kisha nikamwita mlegevu. Tena yako mambo ya wenzo. Mzigo ulio sentimita 20 mbele ya mgongo huuvuta mgongo kwa kadiri fulani. Ukiupeleka sentimita 60 mbele, huuvuta mara tatu ya kadiri hiyo, ijapokuwa uzito haukuongezeka hata kidogo. Ndiyo sababu hatari ilikuwa katika kutua, nami sikuwa nimemfundisha mtu yeyote kutua.

Baada ya hapo nilisoma habari za walimu wa michezo, na aliyenivutia zaidi ni Bruda Colm O'Connell, mtawa wa Ireland aliyefika shule ya St Patrick's, Iten, nchini Kenya, mwaka 1976 kufundisha jografia. Hakuja kama mtaalamu wa riadha. Alijifunza kwa kuwatazama vijana wakikimbia, na mmoja wa aliowafundisha, David Rudisha, alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 katika Olimpiki ya London mwaka 2012, ambayo ilikuwa rekodi ya dunia. Nilijiuliza mimi nilikuwa nikitazama nini alfajiri ile. Nilikuwa nikitazama saa.

Siku hizi kila mtu hujaza dumu lake mwenyewe, kwa maji, na hunitajia lita nami naandika daftarini. Haongezi zaidi ya lita moja kwa wiki. Mimi hutembea kando yake nikitazama mgongo na magoti. Mgongo ukianza kupinda nasema “tua”, naye hutua kwa kuchuchumaa, dumu likiwa karibu na mwili. Hapana ruhusa ya kumcheka aliyetua. Siku moja baada ya kazi nzito ni ya kupumzika, kwa maana misuli hujijenga wakati wa mapumziko. Tena nimewaambia wote kwamba mtu akiona misuli imevimba na mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, asingoje hata saa moja, aende hospitali. Hiyo ni dalili kwamba misuli imevunjika, na uchafu wake waweza kuharibu figo. Jambo hilo huwapata hasa wageni wanaosukumwa kupita kiasi siku za kwanza. (Wengine wanasema chakula chetu hakitoshi kwa mazoezi haya. Hilo nawaachia kamati ya chakula.)

Kijana yule hakusema nami kwa muda wa wiki mbili, na sikumlaumu. Alipoponyoka mgongo alikuja mwembeni bila kuitwa, akachukua dumu la lita 5, akaenda bombani. Nilitaka kumsaidia kujaza.

“Leo najaza mwenyewe,” alisema.

Alitia lita 3. Juzi alikuwa na lita 11. Tunaanza saa kumi na moja na nusu alfajiri, siku nne kwa wiki, na yeyote aweza kuja, mradi dumu lake liwe tupu.