Kompyuta inayokataa mfumo mpya si lazima iwe mbovu

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

SHULE na ofisi za Bukoba na Muleba zenye kompyuta za zamani zinaweza kuingia gharama ya kununua nyingine pale mashine inapokataa mfumo endeshi mpya, kumbe mashine yenyewe ni nzima.

Katika Linux, kerneli, ambayo ndiyo kiini cha mfumo, huundwa kwa kufuata faili la usanidi. Faili hilo huorodhesha maelfu ya vipengele na kueleza kipi kiingizwe, kipi kiachwe na kipi kipakiwe pale tu kinapohitajika. Prosesa za biti 32 zina faili lao la msingi, na za biti 64 lao.

Faili hilo huhitaji matunzo. Vipengele hubadilishwa majina na vingine hufutwa. Lisiporekebishwa, kerneli huweza kukosa programu ya kuitambua diski, na kompyuta ikashindwa kuwaka. Mtunzaji hulazimika pia kulijaribu kwenye mashine halisi, ambazo huzidi kuadimika.

Kutokana na mzigo wa namna hiyo, Linux 3.8 ya mwaka 2013 iliiacha prosesa ya 386, ambayo Linus Torvalds alianza nayo mwaka 1991. Debian 13, iliyotolewa Agosti 2025, haina tena kerneli ya kompyuta za kawaida za biti 32.

Hivyo, kabla ya kuitupa kompyuta yenye Linux, mwenye nayo aandike amri lscpu. Ikionyesha biti 64, prosesa yake bado inahudumiwa. Ikionyesha 32 pekee, atafute Debian 12, ambayo ina kerneli ya nyingi kati ya hizo.