JE, WAJUA? Mwizi wa Vipuri Aliyeifikisha Kenya Kwenye Oscar

Kijana wa Migori au Homa Bay aliyewahi kupanda basi la usiku kwenda Nairobi kutafuta maisha hatakosa kujiona ndani ya *Nairobi Half Life* (2012).

• Hii ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya mwongozaji David "Tosh" Gitonga, na ndiyo ya kwanza kuwasilishwa na Kenya kuwania Oscar ya filamu za lugha ya kigeni.

• Mhusika mkuu, Mwas, anauza DVD kijijini huku akiwaigizia wateja matukio ya filamu. Anafika jijini, na siku hiyo hiyo anaporwa kila kitu na kutiwa ndani. Baadaye maisha yake yanagawanyika: mchana anafanya mazoezi ya tamthilia. Usiku anaiba vipuri vya magari pamoja na genge.

• Kiongozi wa genge hilo anaitwa Oti. Kwa Waluo, jina hilo ni kifupi cha Otieno, yaani mvulana aliyezaliwa usiku. Kwa kazi yake, jina lamfaa!

• Joseph Wairimu, aliyeigiza Mwas, alituzwa kuwa mwigizaji bora katika tamasha la filamu la Durban mwaka 2012.

• Msimamizi wa utayarishaji alikuwa Mjerumani Tom Tykwer, aliyevuma mwaka 1998 kwa *Run Lola Run*, filamu nyingine ya vijana, fedha na uhalifu.

Ukiitazama upya leo, sikiliza lugha: Kiswahili, Kikuyu na Sheng, kama zinavyochanganyika mtaani.