SSD: hifadhi isiyoogopa mashimo ya barabara

Duka la jumla la Koboko linaweza kuwa na hesabu za nchi tatu kwenye kompyuta moja. Wateja wengine wanavuka kutoka Kaya, Sudan Kusini, wengine kutoka Ariwara, Kongo, na madeni yao yameandikwa kwa shilingi, pauni, faranga na dola. Kompyuta hiyo ikifa, deni linabaki kichwani mwa anayedaiwa peke yake, na kila mfanyabiashara anajua jinsi kichwa hicho kinavyosahau.

Mara nyingi kinachoharibika ni hadi disiki. Ndani yake mna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono mdogo wenye kichwa cha kusomea kinachoelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Kifaa hiki kinapenda kukaa mezani kimetulia. Laptopu ikianguka ikiwa inafanya kazi, au ikirushwarushwa ndani ya gari kutoka Kaya kwenda Yei bila kuzimwa, kichwa kinaweza kugonga sahani na kuikwaruza. Palipokwaruzwa, maandishi hayarudi.

SSD haina kitu kinachozunguka. Ni chipu tu, ndugu za zile zilizomo kwenye flashi na simu yako. Ndani ya chipu kuna mabilioni ya vyumba vidogo mno. Kila kimoja hunasa chaji ya umeme, na kiasi kilichonaswa ndicho kinachosomwa kama data. Chumba kimezungukwa na kizio, kwa hiyo chaji haitoki hata kompyuta ikizimwa. Fujio Masuoka na wenzake wa kampuni ya Toshiba, Japani, waliitambulisha teknolojia hii, iitwayo NAND, mwaka 1987.

Faida ya kwanza utakayoiona ni kasi. Hadi disiki ya kawaida husoma megabaiti 100 hadi 200 kwa sekunde. SSD ya aina ya SATA hukaribia 550, na zile za NVMe hupita elfu kadhaa. SSD ya inchi 2.5 huingia palepale ilipokuwa hadi disiki ya laptopu, na fundi anaweza kuhamisha kila kitu kilichomo. Laptopu kuukuu iliyokuwa ikiwaka wakati chai inachemka huwaka kabla hujavuta kiti. Tena SSD hula umeme kidogo, jambo la maana kwa anayetegemea sola au betri. Arua ilikaa miaka mingi ikitegemea dizeli na kituo kidogo cha Nyagak, Zombo, hadi ilipounganishwa na gridi ya taifa mwaka 2024, na giza la ghafla bado linajulikana.

Giza hilo SSD hailizuii. Umeme ukikatika wakati hesabu inahifadhiwa, faili linaweza kuharibika, kwa hiyo kompyuta ya mezani bado inahitaji UPS. Tena hadi disiki inayougua mara nyingi hupiga kelele kwanza. SSD huweza kufa kimya kimya, na mafundi hupata taabu kubwa kurudisha kilichokuwamo. Weka nakala ya pili mahali pengine, si kwenye droo ileile. Wala usifungie nakala pekee ndani ya SSD miaka mingi bila kuiwasha, maana chaji huvuja polepole, hasa penye joto.

Vilevile kuna bandia. Ukiona SSD ya nje iliyoandikwa TB 16 kwa bei ya viatu, iache: halisi ya ukubwa huo hupita dola elfu moja. Nyingi za bandia zina kadi ndogo ya kumbukumbu ndani, na imepangwa iidanganye kompyuta kuhusu ukubwa wake. Mafaili yataonekana yameingia, lakini nafasi halisi ikijaa, mapya hupotea au huyafuta ya zamani. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aijaribu mbele yako kwa programu ya bure iitwayo H2testw, inayojaza nafasi yote kisha kusoma kilichoandikwa. Kazi hiyo inaweza kuchukua saa kadhaa. Muuzaji akikataa kungoja, nenda duka la pili.